Samaki Ambao Sikuwaweka

Mwezi wa tisa mwaka 1994, miezi miwili baada ya vita, nilipewa nyumba Kacyiru, mtaa wa kilimani katika mji mkuu. Kupewa ni neno la ofisini. Mkuu wangu wa kazi aliniandikia karatasi, akanionyesha kilima kwa kidole, akasema nichague yoyote yenye paa na isiyo na mtu. Niliichukua ya nne. Ya kwanza ilikuwa na sahani mezani. Ya pili ilikuwa na viatu vya watoto vimepangwa mlangoni, jozi kwa jozi. Ya tatu sikufika mlangoni. Nilisimama uani, nikanusa, nikageuka.

Ya nne ilikuwa imefagiliwa. Hilo lilinituliza kwa dakika mbili, kisha likaanza kunisumbua. Nani anafagia nyumba kabla ya kuondoka katika siku kama zile?

Sebuleni, chini ya dirisha la mashariki, kulikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto. Halikuwa na maji. Mstari mweupe wa chumvichumvi ulizunguka kioo vidole viwili kutoka juu, ukionyesha maji yalikuwa yakifika wapi. Chini kulikuwa na udongo mweusi uliopasuka juu, lakini nilipochomeka kidole, ndani ulikuwa bado na unyevu kidogo. Juu ya tangi mtu alikuwa ameweka vipande viwili vya kioo, kwa uangalifu, kama mfuniko wa chungu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam mwaka uliotangulia, na sikuwa nimewahi kuishi peke yangu. Baba alikwisha kufa. Tulibaki wawili, mimi na mama. Yeye alikuwa bado Karagwe, ng'ambo ya mto, mahali nilipozaliwa na kukulia. Nilimwandikia aje tuishi pamoja. Jibu lake lililetwa na dereva wa lori. Alisema atakuja, lakini hatalala katika nyumba ya mtu ambaye hajui kama yu hai au amekufa. Yeye mwenyewe alikimbia nchi hii akiwa msichana, na kwa zaidi ya miaka thelathini, kila mvua zilipoanza, alijiuliza nani sasa anazibua mfereji wa nyumba yao.

Nilimjibu kwamba nyumba nimepewa na ofisi, ni safi, na hakuna kitu cha mtu ndani yake.

Baada ya barua kuondoka nilikaa nikalitazama lile tangi. Kulitoa kulihitaji watu wawili, nami sikuwa na mtu wa pili. Halafu nikawaza: mwenyewe akirudi akalikuta nje limevunjika, atanichukulia kuwa mtu wa namna gani? Na nikiliacha tupu, mama ataliona akiingia tu, atauliza. Nikaamua kulifanya langu. Katika maktaba ya chuo niliwahi kuona picha katika gazeti la kizungu: tangi la maji baridi limejaa mimea ya kijani, limesimama ndani ya nyumba kama bustani iliyozama. Ningefanya hivyo. Mimea tu, bila samaki. Samaki isingewezekana. Mwaka ule mto ulikuwa umeleta miili ya watu mpaka kwetu, na tangu siku hiyo mama hakula samaki wala hakutaka kumwona sokoni.

Mabomba yalikuwa makavu. Nilichota chemchemini bondeni, dumu mbili kila nikitoka kazini, nikifuata njia iliyokanyagwa na wengi, kwa sababu tulionywa kuhusu mabomu ya kukanyaga. Mimea niliing'oa kwenye mtaro wa chemchemi hiyohiyo: mmoja una majani membamba kama manyoya ya kifaranga, mwingine una majani ya mviringo yanayoelea. Sikuthubutu kushuka kwenye kinamasi. Mchanga niliuosha mara saba. Lakini ule udongo wa zamani uliokuwa chini ya tangi sikuutoa. Nilishika bakuli, nikainama, nikasita. Niliona kama kuutoa ni kumfukuza mtu mara ya pili. Nikautandazia mchanga juu, nikaweka sahani, nikamimina maji juu ya sahani ili yasichimbe.

Jirani yangu alinisubiri kwenye ua wa miyenzi, ile minyaa yenye utomvu iliyotenganisha nyumba zetu. Alikuwa mama wa makamo aliyekuwapo kilimani pale miezi yote ile ya mauaji; hakuwahi kusema alijificha wapi, nami sikumwuliza. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye kila asubuhi alinitazama tu kama mtu aliyesalimiwa na mbuzi.

"Wewe Tizedi," aliniambia. Ndivyo walivyotuita sisi tuliotoka Tanzania. "Maji yote hii unapeleka wapi? Unaogesha ng'ombe?"

Nilimweleza. Alifikiri kidogo.

"Majani iko mingi huku inje, bure. Wewe unaingiza ndani, unanywesha."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka.

Siku ya tatu maji yalitulia yakawa angavu, na nikafurahi kwa namna ambayo sikuwa nimefurahi tangu nifike. Kisha mambo yakaanza. Asubuhi nilikuta mashina mawili niliyopanda kushoto yanaelea kulia. Nikayarudisha. Kesho yake matatu. Nilijua shina lisilo na mizizi hung'oka. Nilijua hivyo vizuri sana, nilikuwa na cheti cha kujua mambo kama hayo. Hata hivyo nilikagua komeo, nikakagua madirisha, nikamwaga majivu kizingitini. Asubuhi majivu yalikuwa na nyayo za mjusi tu, na mashina yalikuwa yamehama.

Halafu viluwiluwi vya mbu. Beseni la maji ya kuogea, lililokaa hatua mbili kutoka kwenye tangi, lilijaa viluwiluwi kwa wiki moja. Tangi halikuwa na hata kimoja. Nilichukua kikombe, nikateka viluwiluwi vya beseni, nikavimimina kwenye tangi, nikaenda kazini. Niliporudi havikuwapo. Nikafanya tena. Mchana kutwa ofisini nilinakili majina ya watumishi waliorudi kazini na wasiorudi, huku nikiwaza juu ya kitu kilichokuwa kikila sebuleni kwangu.

Jumamosi moja, yapata saa tisa alasiri, jua lilikuwa kali na mtaa mzima kimya. Hata mbwa hawakuwapo tena mjini. Nilipiga magoti mbele ya kioo. Kwenye kivuli cha majani niliona nukta mbili za dhahabu, zimekaa pamoja. Kisha mbili nyingine. Yalikuwa macho. Hayakuwa na mwili. Yalining'inia majini yakinitazama, jozi kwa jozi, na nilipoinua mkono yote yaligeuka kwa pamoja.

Nilitoka nje bila viatu.

Jirani alikuwa anapepeta mtama. Nilimwambia kuna kitu ndani ya maji yangu, nami sikukiweka. Hakushtuka. Aliweka ungo chini, akapangusa mikono, na kwa mara ya kwanza akaingia nyumbani kwangu. Aliingia kama mtu anayejua kizingiti kiko wapi. Akainama kwenye tangi.

"Eh. Imerudi," akasema.

Ndipo akanisimulia. Nyumba ilikuwa ya mwalimu, na mke wake, na watoto wawili wa kike. Mwalimu alikuwa na samaki wadogo wa madimbwi yanayokauka, waliotumwa na rafiki yake wa mbali, mayai ndani ya udongo, kwenye bahasha. Kila mara alikuwa akimwaga maji yote, anaacha udongo ukae miezi, kisha anarudisha maji na samaki wanatoka. Jirani alikuwa akimwambia mkewe kwamba mume wake ni mchawi kidogo, nao walikuwa wakicheka.

"Asubuhi ile walitoka," akasema. "Bibi ya mwalimu alifagia. Mwalimu alibeba ndoo, anamwaga maji kwenye migomba. Watu wanakimbia, yeye anamwaga maji."

Nilimwuliza walikwenda wapi.

"Walitoka," akarudia, akachukua ungo wake.

Sikulala vizuri baada ya hapo, na mchana ulikuwa mbaya zaidi. Yule mwalimu alikuwa amelikausha tangi ili mayai yamsubiri. Aliyafunika kwa kioo ili udongo usikauke kabisa. Alikuwa amepanga kurudi, na alijua udongo ungeweza kungoja miezi mingapi. Na mimi, kwa dumu mbili kwa siku, niliwaamsha wakati hayupo. Nilifikiri kuwamwaga. Nilifikiri kuyafunika maji kwa gunia. Macho yalipata miili, miili ikapata rangi. Madume wakawa wekundu na wa buluu kama vitenge vipya, na kila nilipoingia sebuleni walikuja mbele ya kioo, kwa sababu mtu waliyemjua kuwa anawalisha alikuwa mimi.

Mama alifika mwezi wa kumi na moja, kwa lori la ng'ombe. Nilikuwa nimeandaa majibu kumi na moja. Alishuka na mkeka, jembe na cherehani, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akaingia ndani.

"Hawa ni wa nani?" akauliza.

Niliyaacha majibu yangu yote. Nilimwambia ukweli: barua yangu, nyumba ya nne, ufagio, udongo, ndoo za mwalimu. Nilimwambia sijui kama yu hai. Alisikiliza akiwa amewapa samaki mgongo, mtandio puani. Kisha akatoka, akaketi juu ya mkeka wake uliokunjwa, uani, uso umeelekea barabarani lilikopita lori. Dereva alisema ataondoka kesho asubuhi kurudi Karagwe, na nafasi ipo.

Alikaa hapo mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia. Jirani alivuka ua, akakaa karibu naye. Waliongea Kinyarwanda, polepole, muda mrefu. Nilimwona jirani akionyesha migomba. Hakumwambia mama familia ya mwalimu ilikuwa ya upande gani, na mama, nilivyojua baadaye, hakuuliza.

Aliporudi ndani alisimama mbele ya kioo na kutazama moja kwa moja.

"Uliwakuta wangapi, na sasa wako wangapi?"

"Sikuwakuta, mama. Yalikuwa mayai."

"Basi wote ni wake. Wangapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimewatazama miezi miwili, nimewaogopa, nimewaota, lakini sikuwa nimewahesabu.

"Mchungaji gani huyu," akasema, akavuta kigoda.

Kwetu Karagwe ng'ombe wengi walikuwa wa watu wengine. Mtu anakuachia ng'ombe wake, unamtunza, unakunywa maziwa, lakini si wako, na kila ndama akizaliwa unapeleka habari kwa mwenyewe. Hata akikaa miaka ishirini zizini mwako si wako. Ng'ombe akifa unaikausha ngozi na kuitunza, ili mwenyewe akija aione, ajue hukumuuza. Mama alikulia katika kazi hiyo. Alihesabu kwa kidole kwenye kioo, akakosea, akaanza upya. Walikuwa kumi na tisa.

"Nitakaa," akasema. "Sikai kwako. Nakaa kwa mwalimu, namchungia mpaka aje."

Akamwambia dereva aende. Jioni alitandika mkeka wake chumba kidogo cha kando ya jiko, si kile kikubwa, na mimi nikatoa godoro langu kwenye chumba kikubwa nikalihamishia sebuleni. Kuanzia siku hiyo geti halikufungwa komeo mchana, na mama alipika chakula cha mtu mmoja zaidi, ambacho jirani alikula bila kuuliza.

Samaki wale hawaishi sana. Sikujua hivyo wakati ule. Kabla ya Noeli dume mmoja alianza kufifia, akalala chini ya majani, na asubuhi alikuwa amekufa. Nilitaka kumzika migombani kabla mama hajaamka, lakini alikuwa amekwisha kumtoa. Yeye ambaye hakuweza kupita kando ya meza ya samaki sokoni alikuwa amemlaza juu ya karatasi, kwenye jua la dirishani, na alikuwa akimnyoosha mkia kwa ncha ya sindano.

"Andika siku," akaniambia.

Nikaandika siku kando ya samaki, na kwamba alikufa mwenyewe. Mama, asiyejua kusoma, aliitazama ile karatasi. Akaniuliza kama nimeandika kwa lugha ambayo mwalimu anaisoma. Nilikuwa nimeandika Kiswahili. Nikachukua karatasi nyingine.