Picha Iliyofika Bubu

Asubuhi ile nilitoka mji wa Nizwa, Oman, bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa nimefanya kazi miezi michache katika duka la picha, miguu ikaanza kuniwasha kama kawaida yake, nikafunga begi. Pikapu ya majani ya mbuzi ilikuwa ikielekea Samad Ash Shan, nikapanda. Nilipoteremka Samad nikakumbuka kwamba Ibra haiko mbali, na Ibra nina bibi, shangazi yake marehemu mama yangu. Mwaka uliopita nilimvunja moyo.

Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Mwaka ule nilinakili kwa simu picha ambazo Bibi alikuja nazo kutoka Unguja. Moja ilikuwa ya wasichana wawili siku ya Idi: yeye na mwanamke ambaye sasa anakaa Sur. Bibi alinitajia maneno, nikayaandika chini ya picha kwenye simu yangu, nikaituma Sur. Jibu likaja: "Picha imefika bubu." Maneno yote yalibaki kwenye simu yangu.

"Si umpigie simu tu?" nilimwambia Bibi siku ile.

"Hasikii siku hizi. Nikimpigia kelele, Ibra nzima itajua."

Kule dukani Nizwa ndiko mwenye duka alikonionyesha kwamba ndani ya faili la picha mna nafasi ya maneno. Kwenye sura hayaonekani, lakini yanakwenda na picha popote, kama maandishi ya nyuma ya picha ya karatasi. Ila usiitume kwa ujumbe wa simu, maana mara nyingi huyapangusa njiani. Mpaka leo namshukuru mtu yule. Angeweza kuniambia nishike kazi niache maswali.

Bibi nilimkuta barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Weye tena? Nilidhani umeshafika Uchina."

Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu, na la pili lilikuwa likifuata. Nilipomweleza niliyojifunza, akavuta kiti. "Yallah, andika, kabla sijashindwa kuona kama unaandika au unanidanganya."

Nikafungua kompyuta ya hapo nyumbani, nikaandika, nikamsomea: "Bibi na mwalimu wake."

"Mwalimu! Nani kakwambia mwalimu?"

"Si ulisema ni somo yako?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Loh, watoto wa Oman! Somo yangu ni mwenye jina kama langu. Mwalimu, yule? Chuoni kwa Kurani alikuwa wa kwanza kusinzia!"

Nikafuta. Akainamisha kichwa, akasema polepole: "Miye na somo yangu, Idi, Unguja. Gauni nililovaa ni lako, uliniazima. Nilikwambia limepotea. Halikupotea. Nisamehe."

Mwaka jana alinitajia "Miye na somo yangu, nisamehe" tu, bila kutaja gauni; hapo nikaelewa kwa nini picha ilipofika bubu hakunisemesha siku mbili. Nikaihifadhi picha, nikaifungua kwa programu nyingine kuhakikisha maneno yamo, nikaitia kwenye flashi. Sikuthubutu kuituma kwa simu. Nikapanda basi la Sur, flashi ikiwa mfukoni mwa shati.

Somo yake alinipokea na kahawa na tende, nami nikamwomba kompyuta ya nyumbani kwake. Ile haikuwahi kuyaona maandishi yangu. Kama yangekuwa yamebaki kwenye kompyuta ya Ibra, hapo ningeumbuka mara ya pili. Picha ikafunguka. Nikabonyeza maelezo. Maneno yakatokea pembeni, yote, mpaka nukta ya mwisho.

Akavaa miwani. Alisoma kwa sauti, nami nikatazama kikombe changu.

"Mwongo mkubwa!" akasema. "Nilimwona kalivaa harusini, kajificha nyuma ya mama yake. Nikanyamaza. Lilimpendeza kuliko miye." Akafuta miwani kwa ncha ya leso. "Andika humohumo, chini ya yake: Nilijua. Nilikusamehe siku ileile."

Nikaandika, nikahifadhi kwenye flashi, nikairudisha mfukoni.

"Ibra unarudi lini?" akauliza.

Nikamsogelea sikio. "Sijui, Bibi! Miye sina mpango!"

"Sasa unao. Na leo unalala wapi?"

Nikamwambia nitatafuta chumba cha bei nafuu karibu na soko.

"Chumba! Mjukuu wa somo yangu akalale sokoni?" Akainuka, akanifungulia chumba cha uani, akavuta shuka kutoka kabatini. Nikaweka begi chini, na flashi nikaiacha mfukoni, upande wa moyo.