Picha ya Rashidi na Majabali Mawili

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu nilivyovipiga kiwi hadi jogoo wa jirani akajiona humo, akaanza kupigana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mchana nafyatua matofali, jioni nafyatua hesabu, nikajiona msomi wa kwanza tangu Songea iitwe mji. Bwana Mhifadhi, mkuu wa ofisi ya picha za kale, hakutazama viatu wala cheti. Alinisukumia picha mezani.

"Unaona nini, Komba?"

"Askari, mzee. Na bunduki zao."

"Umeanza vibaya. Hao walishaondoka hapo. Niambie kilichobaki."

Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Picha za vita zilitufikia kwa masanduku, nyingine za enzi za Wajerumani, nyingine za miaka ya ukombozi wa Msumbiji, na nyuma zimeandikwa "Kusini" basi, kana kwamba Kusini ni chumba cha kulala. Sisi tulitafuta mahali. Tulianza na mstari wa upeo, yaani pale milima inapokutana na mbingu, tukaunakili kwa penseli kwenye karatasi nyembamba. Halafu miti, udongo, mapaa, vichuguu. Ukiona mteremko umechimbwa mashimo kama sega la nyuki, hayo ni mashamba ya ngoro ya Wamatengo. Elekea Mbinga, usipoteze mafuta ya gari kwenda Tunduru.

Baadaye nikahamishiwa Mtwara. Huko Bwana Mkuu wa Kanda, mtu mkali kama pilipili kichaa, alinifundisha kutambua picha iliyochapwa kinyume, kushoto ikawa kulia. Niliporudi Songea, kiti cha mhifadhi alikikalia Mama Mhifadhi, mwanamke wa Mbinga mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Wakati huo ungenionyesha jiwe, ningekutajia kata yake, tarafa yake, na mkwe wake.

Mwaka mmoja tukapeleka maonyesho Tunduru. Mama mmoja aliyetoka Nalasi, Bi Zainabu, kichwa kimejaa mvi, alisimama mbele ya picha ya vijana watano wamekaa kando ya kichuguu. Akaweka kidole kwenye kioo, hakukitoa.

"Huyu kaka yangu Rashidi."

"Shikamoo, mama. Una hakika?"

"Marahaba. Hilo sikio lenye pengo nilimng'ata mimi nikiwa mdogo. Nitakosaje hakika?"

Akanisimulia. Rashidi aliwabebea mizigo wapigania uhuru wa Msumbiji, akakanyaga bomu la kutegwa. Mwenzake mmoja tu ndiye aliyefika nyumbani, naye akiwa mahututi. Kabla hajakata roho aliacha maneno haya: "Tulimlaza palepale tulipopigwa picha, ubavuni mwa kichuguu." Miaka yote hiyo familia ilikuwa na maneno bila picha. Sasa picha ilikuwa mbele yake, na mahali hapajulikani.

"Mama yetu alikufa akiuliza," alisema. "Mimi sitaki nife nikiuliza. Nitafutieni, baba, nikamsomee dua kaburini kwake."

Usiku ule sikula, na wanaonijua watakwambia hilo ni tukio la kitaifa.

Pichani, nyuma ya vijana kulikuwa na mikorosho, na mbali majabali mawili: kushoto la mviringo kama chungu kilichofunikwa, kulia lenye ncha kama jembe. Majabali hayo niliyafahamu. Ila ukiyatazama kutoka barabarani, jembe liko kushoto na chungu kulia.

"Imechapwa kinyume hiyo," alisema Mama Mhifadhi. "Kila siku tunakutana nazo."

Nikachukua kioo cha kukuzia nikaenda kwenye vifungo vya shati la Rashidi. Shati la kiume, upande wa kushoto hulala juu ya ule wa kulia. Lake lilikuwa hivyohivyo, na mfuko uko kifua cha kushoto. Wenzake nao vilevile.

"Mama, picha iko sawa. Sisi ndio tumekaa upande usio wake. Mpiga picha alikuwa ng'ambo ya majabali, upande wa mto Ruvuma, anatazama kaskazini."

Mwenyekiti wa kijiji kilicho karibu na majabali hayo, tuliyemwita atushauri, alicheka hadi kofia ikaanguka. "Ng'ambo kule? Kule ni pori la tembo, Bwana Komba! Mikorosho kapanda nani, nyani?"

Mama Mhifadhi hakucheka. "Mafuta yapo ya safari moja. Ukikosea, picha inarudi sandukuni."

Bi Zainabu aliivuta picha karibu na macho. "Mbona chini ya miti pamefagiwa?" Sisi wa Songea tulitazamana. "Korosho zikikaribia kuanguka tunafagia, zionekane. Pori halifagiwi, baba. Hapa palikuwa na mwenyewe." Kisha akakumbuka: watu wa kando ya mto walihamishwa mabomu yalipozidi, mashamba wakayaacha.

Tukaenda, yeye, sisi, na imamu wa Nalasi. Pori lile lilikuwa zito hata nyoka alipiga honi kwenye kona. Mikorosho tuliikuta, imezeeka, imebanwa na miombo, lakini bado imo kwenye mistari. Sasa ikawa zamu yangu. Kati ya yale majabali kulionekana kilima kidogo cha mbali, na pichani kilikuwa kimegusa bega la chungu. Nikisogea magharibi kinajificha, nikisogea mashariki kinaachana nalo. Nikaenda hivyo, picha mkononi, nikirudi na kusogea kama mcheza ngoma ya lizombe, mpaka kilima kikagusa bega, kikatulia.

Nikashusha macho. Kichuguu kilikuwa mbele yangu, kikubwa kama nyumba ya vyumba viwili. Ubavuni mwake, kwenye majani, mawe mawili yamesimamishwa, moja mashariki, moja magharibi.

Imamu alipiga magoti akapima kwa macho. "Hili kaburi la Kiislamu. Kibla chetu huku ni kaskazini, na maiti hulazwa uso ukielekea huko. Waliomlaza walijua wanachofanya."

Nilipiga kelele iliyosikika Msumbiji bila pasipoti. Mama Mhifadhi, Mkatoliki wa kubatizwa na kipaimara, akapiga vigelegele hadi ndege wakahama mti. Bi Zainabu alivua ndala, akakaa chini karibu na jiwe, akalifuta kwa ncha ya kanga. Rashidi alikuwa amebaki kijana wa miaka ishirini, na yeye ni bibi wa wajukuu.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Ndipo dua ikaanza.

Sasa nimestaafu. Vijana huniletea picha kwenye simu, nami huwakaripia kwa furaha: acheni kukuza nyuso, kuzeni milima! Chombo cha kupima mahali kutoka angani mnacho, jambo jema, lakini mahali penyewe mfike kwa miguu, na wenyeji muwaulize.

Siku ya kuniaga ofisini wakubwa walihutubia sana. Kisha Bi Zainabu, aliyetoka Nalasi na gunia la korosho, akasimama bila kuitwa. "Huyu bwana," alisema, "alinionyesha pa kukaa nizungumze na kaka yangu." Akaketi.

Cheti cha kuagwa nimekitundika ukutani. Korosho ziliisha siku ileile. Maneno yale bado nayatafuna.