Anatuliza watoto wa wenzake, wa kwake amficha chumbani

Saa tatu asubuhi, redio ya Zuleika inasikika kabla hujaiona nyumba yake. Ukifika Luzira, jijini Kampala, huna haja ya kuuliza njia, fuata muziki tu. Barazani, mwanamke huyu wa miaka hamsini na minane amenyoosha miguu juu ya mkeka. Mapajani mwake amelala kifudifudi mtoto wa miezi saba aitwaye Okeny.

Anamimina mafuta ya simsim kiganjani, anayasugua yapate joto, kisha anapitisha vidole gumba pande mbili za uti wa mgongo, kutoka mabegani hadi kiunoni. Halafu anaukutanisha mkono wa kushoto na mguu wa kulia, taratibu, kama anayekunja shati. Mtoto analegea.

“Shingo mimi sigusi,” anasema kwa sauti ya juu ili kuishinda redio. “Kuna watu wanapindisha shingo ya mtoto mpaka inalia kwaa! Mimi hapana. Mimi nakanda tu.”

Zuleika ni Mnubi, na kazi hii aliipokea kwa mama yake. Wateja wake wengi wanatoka familia za askari wa magereza na polisi. Wanamwita Hajati ingawa Makka hajafika, naye amechoka kuwasahihisha.

Zamani alikuwa akiletewa watoto wachanga tu. Siku hizi analetewa hata wa miaka mitano: wasiolala, wanaojigonga kichwa ukutani, wanaopiga mayowe bila sababu inayoonekana. Wazazi wamesikia kwamba mgongo ukinyooshwa, mishipa ya fahamu inatulia. Kliniki za kazi hiyo ni za wenye pesa, lakini kwa Zuleika ni shilingi elfu kumi. Naye huwaahidi kwamba mtoto atatulia.

“Wakirudi kusema asante, nafurahi,” anasema, bila kututazama.

Alanyo, mama wa Okeny, ni askari wa magereza na leo hana zamu. “Hajati, punguza hiyo redio kidogo,” anaomba.

“Bila muziki hii mikono hapana kazi,” Zuleika anamjibu akicheka.

Ndipo umeme unapokatika.

Redio inanyamaza, na kutoka chumba cha ndani kinasikika kilio. Si cha njaa. Ni cha mtoto aliyelia muda mrefu hadi sauti ikamkauka.

“Nani nalia hivyo?” Alanyo anauliza.

“Mtoto ya jirani,” Zuleika anajibu, haraka mno.

Mikono yake imesimama juu ya mgongo wa Okeny. Kilio kinashuka, kinakuwa kwikwi, kisha kinakoma chenyewe. Mlango wa chumba unafunguka na msichana wa miaka sita anatokea, gauni limelowa jasho, viganja bado vimeziba masikio.

“Haboba,” anaita. Kwa Kinubi, huyo ni bibi.

Mwandishi wa makala haya, aliyekuja kumsifu Zuleika, alitamani ardhi ipasuke, sembuse mwenye nyumba. Zuleika anajifunika uso kwa mtandio na kubaki hivyo.

Msichana anaitwa Shakirah. Mama yake, polisi aliyepangiwa kazi kaskazini, alimwacha hapa mwaka juzi. Honi, kengele, muziki, mlio wowote mkubwa humvuruga, naye hulia hadi uso ukavimba. Bibi yake amemkanda kila jioni kwa mikono hiyo hiyo inayosifiwa, na wapi.

“Nilisema, watu wakiona hii mtoto, nani ataleta yake kwangu?” Zuleika anasema, machozi yakimtoka. “Akilia, naongeza redio watu wasisikie. Naongeza redio, analia zaidi. Kumbe ni mimi. Ni mimi namuumiza kila siku, alafu nakaa hapa najiita natuliza watoto. Aibu gani hii!”

Alanyo hamkemei. Anamchukua mwanawe, anamfunga mgongoni, kisha anaeleza kwamba kuna muuguzi katika kituo cha afya kilicho karibu anayepokea watoto wa namna hii kila Jumanne. Mtoto wa kaka yake hupelekwa huko.

“Pengine mgongo yake iko sawa, Hajati. Ni kelele ndiyo inamsumbua,” anasema. “Wao watamwangalia vizuri.”

Zuleika anakijua kituo hicho. Anayajua pia mabenchi yake, yanayojaa wateja wake kila siku. Hicho ndicho kilichomzuia muda wote huu.

Umeme unarudi. Redio inalipuka tena, na Shakirah anaanguka chini akijikunja. Zuleika, ambaye tulipofika alikuwa akilalamikia magoti, ananyanyuka na kuchomoa waya ukutani kwa mikono yenye mafuta.

Anarudi kuketi sakafuni karibu na mjukuu wake. Hamkandi. Anangoja tu, mpaka mtoto mwenyewe anamsogelea na kulaza kichwa pajani pake, pale pale alipokuwa Okeny.

“Jumanne nampeleka,” anasema kwa sauti ndogo, na redio ikiwa imezimwa, tunamsikia bila kutega sikio. “Nitakaa naye benchi ya mbele kabisa. Najua wataniuliza, Hajati, hii mtoto ni ya nani?”

Anamfuta jasho kwa ncha ya mtandio.

“Nitasema ni yangu.”