Baridi Iliyopita Kiasi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Diani, Fundi Mkuu alinisimamisha mbele ya chumba cha baridi cha samaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chuo kikuu walikufunza nini, bibi?"

"Kuuliza kwa nini."

"Hapa friji haiulizwi. Tia mkono. Baridi ikikuuma, friji nzima. Isipokuuma, fungua mashine. Sijapata kuona mgeni akilalamika kwamba bia yake ni baridi mno."

Mafundi wenzangu walicheka, na tangu hapo wakaniita Bi Kwanini. Miaka ya tisini ilikuwa yaelekea ukingoni, na mwanamke wa Kinondo mwenye shahada na ovaroli alitosha kuwa kichekesho. Kipimajoto kilikuwapo. Kilikaa kwenye droo ya Fundi Mkuu na kutolewa wakaguzi wakija.

Vijana mnaoingia ufundi huu, nawaandikia haya kwa hasira, wala sitaki mtu aniambie nitulie. Nilidharau kanuni ile ya mkono, kisha nikaishi kwayo.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Friji haitengenezi baridi, huhamisha joto. Kompresa huibana gesi hadi ikapata moto. Gesi hupoa katika mabomba ya nyuma na kuwa majimaji. Majimaji yale yakiachiwa ndani, huvukiza, na yakivukiza hunyonya joto la samaki wako. Gusa nyuma ya friji: ule uvuguvugu ndio joto lililotolewa ndani. Kazi hiyo haifanyiki bure. Lazima kitu kisukume, iwe umeme au moto.

Naam, moto. Baada ya miaka miwili hotelini niliajiriwa na mkandarasi aliyehudumia majokofu ya chanjo katika zahanati kumi na moja za ndani, zisizokuwa na umeme. Yale yalitumia mafuta ya taa. Mwali huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji. Amonia hupanda, hupoa, hushuka, kisha huvukiza na kubeba joto. Hakuna kompresa wala kelele. Ila mwali haujui hali ya hewa. Ukiupandisha wakati wa kaskazi, joto linapochoma, lazima uushushe masika yakija, la sivyo jokofu litagandisha.

Nilizizungukia zote kumi na moja wakati wa kaskazi. Nilitia mkono. Haukuuma. Nikapandisha mwali, nikatia tena, ukauma, nikaondoka nimeridhika. Mimi, Bi Kwanini, sikuuliza.

Masika yalipopungua nilirudi kwenye zahanati moja huko Matuga, nikiwa na Msimamizi wa Mradi wa Chanjo, mtu wa bara aliyependa kuvaa tai hata kwenye matope. Ilikuwa siku ya kliniki, na akina mama wamejaa barazani. Sista Rehema, muuguzi wa pekee pale, alinifungulia jokofu. Vichupa vya chanjo vilikuwa vimevaa barafu.

Mlangoni palikuwa na jedwali la nyuzi joto, linalotakiwa kujazwa asubuhi na jioni. Nne, nne, nne, mpaka mwisho wa mwezi, na mwezi wenyewe ulikuwa haujaisha.

"Sista, kesho imeshafika?"

Aliinamisha uso. "Kipimajoto kilivunjika zamani. Nimeomba kingine mara tatu. Nikiacha nafasi wazi, naletewa barua ya kuonywa. Wewe ungeandika nini?"

Niliinama nikaushusha mwali. Mwali ule niliupandisha mimi.

Chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka tena. Kuijua kuna kipimo rahisi. Nilikuwa na kichupa kizima katika kasha langu la baridi. Nilikiweka mezani pamoja na kimoja cha jokofuni kilichoyeyuka, nikavitikisa vyote viwili, tukasubiri nusu saa. Kile kizima kilibaki na weupe wake kama maji ya mchele. Cha jokofuni kilijitenga: chenga chini, maji maangavu juu.

Msimamizi alikichukua, akakitikisa kwa nguvu. "Si hii imechanganyika? Madam, wewe ni fundi wa friji. Hiyo maneno ya dawa achana nayo."

"Kiweke chini, bwana, usubiri."

"Hii tunamwaga kimyakimya. Nitaleta ingine. Lakini hao wamama usiwaambie kitu. Wakisikia, hakuna mtu atakuja tena. Hawa watu hawaelewi."

Hawa watu! Niliingiwa na ghadhabu ambayo haijanitoka hadi leo. Watoto walikuwa wamedungwa chenga na maji kwa wiki ngapi, hakuna aliyejua, na yeye aliogopa maneno. Kabla sijafungua kinywa, Sista Rehema alinipita akiwa na kichupa mkononi, akatoka barazani, akawaeleza yote: jokofu, barafu, na zile nne alizoziandika bila kuona. Nikafuata, nikasema ni mimi niliyepandisha mwali.

Mama mmoja mnene, aliyembeba mtoto ubavuni, akauliza, "Kwa hivyo wanetu mwawadunga maji?"

"Ndiyo, mama," alijibu Sista.

"Haya. Dawa nzima yaja lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi tutakuja. Na mukituletea maji tena, mutajidunga wenyewe!"

Walicheka, wakamtazama Msimamizi na tai yake. Alhamisi walirudi wote, na wakaja na wengine ambao watoto wao walikuwa wamechanjwa miezi ya nyuma.

Zilibaki zahanati kumi. Niliomba gari nizipitie, nikakataliwa. Nikaandika barua, haikujibiwa. Mwezi uliofuata mkandarasi aliniachisha kazi, nikarudi hotelini, na huko nilihudumia viyoyozi vya vyumba vya wageni mpaka nilipostaafu. Huulizwa kama najivunia kazi yangu. Chumba cha mgeni sijakiacha na joto hata siku moja.

Yule Msimamizi sijamsamehe, wala waliokalia barua yangu. Lakini hasira iliyo kubwa ni juu yangu mwenyewe. Hakuna aliyenifungia njia siku yangu ya mapumziko. Nilijua zahanati zote kumi zilipo, na kipimo kile hakihitaji ila vichupa viwili na nusu saa. Nilingoja ruhusa.