Viti vya Kuazima

Mwaka wa 1996 Nzilani, binti wa pekee wa Mukonyo, aliitwa kusomea ualimu katika chuo kimoja cha Thika. Karo haikuwapo. Mukonyo alikuwa mjane aliyechuma kahawa mashambani Ruiru, na msimu ukiisha, kazi pia huisha. Waliomba msaada wa chuo kwa wanafunzi wasiojiweza. Chuo kikajibu kwamba kitamtuma karani nyumbani kwao, mtaa wa Mwiki, kuona hali yao. Asiporidhika, nafasi ya Nzilani ingepewa mwingine.

Habari zilipoenea kwenye ploti, ule ua wa vyumba vya kupanga walimoishi, hakuna aliyeuliza mgeni anakuja kuona nini. Mgeni ni wa kupokelewa vizuri, basi. Hayat, jirani aliyeuza nguo, alileta sofa zake pamoja na vitambaa vyeupe vya kufumwa. Mwingine akaleta redio, mwingine kuku.

"Mama Nzilani, hata siku ya ndoa yangu sikuketi vizuri hivi," Hayat alisema akinyoosha kitambaa. "Mwambie tu mgeni asinimwagie chai kwenye sofa."

Nzilani alimnong'oneza mama yake kwamba hivi sivyo. Mukonyo akamjibu kwamba hakuna mtu atakayetoka kwake akisimulia alivyokosa pa kuketi.

Karani, Bwana Barasa, alikula kuku akashukuru. Akatazama sofa, akatazama redio, akauliza kama ni vyao. Mukonyo akaitikia kwa kichwa. Barasa akafunga faili. Alisema kwa upole kwamba alikuwa ametoka Murera, kwa watu wanaolala chini, na msaada haungewatosha wote. Akaaga.

Kwa alichoonyeshwa, Barasa hakukosea. Wengi wetu tunauonea aibu umaskini kuliko tunavyouonea uongo, na uongo ulioandaliwa kwa ukarimu bado ni uongo.

Mukonyo alimfikia langoni. Majirani walikuwa uani, wamesimama wakisubiri habari. Angeweza kumvuta kando, lakini hakufanya hivyo.

"Bwana, nimekudanganya. Viti ni vya huyu Hayat. Redio ni ya yule pale. Hata kuku uliyekula si wangu."

"Kwa nini, mama?"

"Nilitaka uketi vizuri."

Hakuna aliyecheka. Hayat alikuwa wa kwanza kuingia ndani. Akatoka na kiti kichwani, na wengine wakamfuata na vitu vyao mpaka chumba kikabaki na kitanda na jiko. Barasa alirudi ndani, akasimama katikati ya sakafu, akafungua faili upya. Mlango ulikuwa wazi na watu walikuwa wakisikia.

"Mnakula mara ngapi kwa siku?"

Tangu azikwe mumewe, Mukonyo hakuwa amemwambia mtu jambo hilo, hata dada zake.

"Mara moja," alisema. "Kahawa ikiisha, kuna siku tunalala hivyo hivyo."

Barasa aliandika. Chuo kililipa karo yote isipokuwa ya chakula, na Nzilani akaanza masomo muhula uliofuata. Kwenye ploti Mukonyo aliendelea kusalimiwa kama zamani, ila ilimchukua muda mrefu kuweza kuwatazama watu machoni.