Bi Mkasi na Mikono Aliyoipiga Pasi

Saa mbili asubuhi, Jumatatu. Cherehani saba zinanguruma katika chumba cha mafundi. Ya nane, iliyo karibu na dirisha, imefunikwa shuka. Ni siku ya kwanza katika miaka ishirini na miwili ambayo Bi Mkasi hayupo bila kuaga.

"Leo usingizi umemshinda," anatania fundi jirani yake. "Akija atatutukana kwanza, ndipo asalimie."

Hakuja. Nyumbani, binti yake alikuwa akimfunga vifungo vya gauni, maana vidole vilikataa hata kushika mswaki.

Jina la Bi Mkasi walimpa mafundi wenzake kwa sababu alikata kitambaa bila chaki na hakukosea. Sare tatu za shule kwa siku zilikuwa mchezo kwake. Mwaka jana ikawa moja, nayo kwa kuuma meno.

Baridi yabisi ilimwanza miaka mitano iliyopita. Mwaka mzima aliambiwa ni uchovu, kisha umri, hadi vipimo vilipoutaja ugonjwa. Akapewa dawa na tarehe za kliniki. Hapo ndipo alipokosea.

"Sijawahi kumkabidhi mteja nguo yenye makunyanzi," anasema, akiutazama mkono wa kulia uliopinda. "Niliona vibaya kumpelekea daktari mikono iliyovimba, kana kwamba sijali dawa zake. Siku tatu kabla, nanunua vidonge vya kushusha uvimbe duka la dawa. Asubuhi nalowesha mikono maji ya moto. Nafika nimenyooka."

Daktari alibonyeza viungo, akahesabu vilivyovimba: kimoja, mara nyingine hakuna. Damu nayo ilionyesha ugonjwa umetulia. Dawa ikabaki ileile miaka minne.

Siku mbili baada ya Jumatatu ile, picha ya eksirei ilionyesha mifupa ya vidole iliyoliwa na ugonjwa.

"Mama, karatasi zangu zinasema umepoa, picha inasema umeungua," daktari alishangaa. "Nimwamini nani?"

Bi Mkasi aliificha mikono chini ya mtandio. Binti yake, aliyemsindikiza, hakuvumilia.

"Mwambie habari ya vile vidonge, mama, au niseme mimi."

Alipokwisha kuelezwa yote, daktari alivua miwani, akaifuta. "Dawa nitabadilisha. Lakini sijui tena maumivu yapi ni ya moto unaowaka, na yapi ni ya makovu yake. Dawa huzima moto, mama. Hainyooshi mfupa."

"Bora angenigombeza," anasema Bi Mkasi. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na vidole, kifo bado kiko njiani."

Anacheka peke yake.

Anatumaini dawa mpya itauokoa mkono wa kushoto. Kliniki ijayo ni Alhamisi, asubuhi na mapema, wakati viungo vimekaza zaidi; daktari ndiye aliyetaka hivyo. Vile vidonge hatavimeza.

Mkasi wake sasa anao fundi jirani. Bi Mkasi hukaa kando ya meza na kumwonyesha, kwa kidevu, mahali pa kukata.