Majani Yangu kwenye Mti wa Nyigu

Nilifunga majani yangu kwenye mti wa nyigu nikidhani ni wa nyuki. Mimi, Mumbuti, mzaliwa wa pori la Walikale, tena niliyemaliza sekondari. Cheka tu, wenzangu walishacheka.

Kwetu, anayeona nyuki wa kwanza hufunga majani kwenye shina, na mti unakuwa wake. Mwingine atapanda, lakini fungu la kwanza ni la mwenye majani. Desturi hiyo ndiyo inayonilisha asali, maana mguu wangu mmoja ulikauka tangu utoto, na fimbo haipandi miti.

Siku ile nilitaka kuonyesha kwamba hata mimi ni mtu wa pori. Nikatembea, nikachoka, nikasikia mvumo huko juu. Sikuangalia mara mbili, nikafunga. Jirani yangu, mpandaji hodari kuliko wote, akapanda na moshi wake. Alishuka haraka kuliko alivyopanda, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Akasema mti wowote wenye majani yangu hataupanda tena, na wapandaji wengine wakasema vivyo hivyo. Basi nikabaki mtu wa kuomba asali mlango kwa mlango.

Nikarudi kwenye kazi ninayoiweza, kukaa mbele ya nyumba. Hapo ndipo mke wangu huloweka mihogo, na nyuki huja kunywa maji. Siku ya pili nikaona jambo: kila mmoja akishiba anazunguka kidogo, kisha anashika njia ileile, juu ya shamba la zamani, kuelekea mti mmoja mkubwa uliokauka kichwa. Nikamtuma mke wangu akanifungie majani. Akauliza kama hao ni nyuki wa kweli ao wa masomo. Akaenda, akarudi hacheki tena: shimo liko, na nyuki wanaingia.

Jirani alikataa kupanda, eti ushahidi wa mke wangu hautoshi, mke atasema nini kingine juu ya mume wake. Nikambembeleza. Mwishowe akatoa sharti: nikae chini ya shina mpaka ashuke, ili wakiwa nyigu tuumwe wote, na mimi nisiyeweza kukimbia niumwe zaidi. Nikakubali. Nilikaa pale nimejifunika kitenge cha mke wangu, nikimwomba Mungu na mababu kwa zamu.

Kikapu kikateremka kwa kamba, kimejaa masega. Jirani akashuka, akanikatia fungu la kwanza, akalamba vidole.

"Papa, kutembea haujue, kusikiliza haujue. Kukaa njo unajua. Ukae."